Kutumia GPS ya simu bila bando: maandalizi, hatua na matatizo

Maswali ni yaleyale kila siku. GPS inakula MB ngapi? Nikitoa laini bado itafanya kazi? Mbona nimewasha GPS na ramani imebaki nyeupe? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa kuanzia mwanzo.

Shika jambo moja kwanza. Ndani ya simu kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: kipokezi cha setilaiti, na ramani. Kipokezi kinasikiliza setilaiti zilizo angani (za GPS ziko kilomita 20,200 hivi juu yetu) kisha kinapiga hesabu ya mahali ulipo. Kinasikiliza tu, kama redio. Hakitumi kitu juu, hakihitaji laini, hakili hata KB moja. Kinachotoka hapo ni namba: latitudo, longitudo, na mwinuko usioaminika sana. Ramani ndiyo inayokuambia namba hizo zimeangukia barabara gani, na ramani ndiyo inayoletwa na mtandao. Nikimhoji mtu aliyekwama njiani, karibu kila mara nakuta setilaiti zilikuwepo. Ramani ndiyo haikuwemo ndani ya simu.

Andaa haya kwanza

- Simu yenye kipokezi cha GPS. Simu janja karibu zote zinacho, na nyingi za sasa zinasikiliza pia setilaiti za Urusi (GLONASS), Ulaya (Galileo) na China (BeiDou). Angalia vizuri kama unatumia tableti: nyingi za Wi-Fi pekee hazina kipokezi, na iPad ya Wi-Fi pekee haina kabisa.
- Nafasi ndani ya simu. Ramani ya mkoa mmoja inaweza kuwa MB makumi, ya nchi kubwa ikapita GB moja. Ukiwa na GB 2 tupu, umepumua.
- Wi-Fi au bando la kutosha, mara moja tu, kabla ya safari.
- Pawabenki, au waya wa kuchajia ndani ya gari. Na waya uwe mzima, si ule unaoshika chaji ukiupinda.
- Sehemu ya wazi yenye anga, na robo saa ya subira.

Hatua ya 1: Chagua programu

Usipakue tano. Moja inatosha, mbili kama una wasiwasi.

Organic Maps ndiyo ninayompa anayeanza. Ni ya bure, haina matangazo, na imetengenezwa kwa ajili ya kazi hii hasa. Inatumia data ya OpenStreetMap, ramani iliyoanza mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea dunia nzima. Inakuelekeza kwa gari, kwa mguu na kwa baiskeli, bila mtandao.

OsmAnd inatumia data ileile lakini ina vitufe vingi kama chumba cha rubani. Ukiizoea ni nzuri sana, hasa kwa kurekodi njia uliyopita ili urudi nayo. Toleo la bure lina kikomo cha idadi ya ramani unazoweza kupakua.

Google Maps huenda tayari unayo, na inakubali kupakua eneo. Bila mtandao itakuelekeza kwa gari, ila usiitegemee kwa mguu, baiskeli wala usafiri wa umma, na habari za foleni zisahau. Wenye iPhone, ramani ya Apple imeruhusu kupakua maeneo tangu iOS 17 ya mwaka 2023.

Hatua ya 2: Pakua ramani, tena kwa upana

Katika Organic Maps, fungua orodha ya kupakua ramani, chagua nchi, kisha mkoa au nchi nzima. Katika Google Maps, gusa picha yako ya wasifu, ingia kwenye ramani za nje ya mtandao, chagua ramani yako mwenyewe, kisha sogeza lile fremu lifunike eneo unalotaka. Ramani ya Apple nayo inaanzia kwenye picha ya wasifu.

Kosa linalojirudia hapa ni ubahili. Mtu anapakua mji anaotoka na mji anaokwenda, katikati anaacha wazi. Programu inapanga njia kwa kufuata barabara kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikikuta shimo katikati, inagoma. Pakua na maeneo ya pembeni pia, kwa sababu barabara ikifungwa utazungushwa, na huko unakozungushwa ndiko usikopakua. Mimi mwenyewe niliwahi kuutazama mshale wangu ukielea juu ya weupe mtupu kwa karibu saa nzima, kwa sababu daraja lilikuwa limefungwa na njia ya mchepuko ilipita kilomita chache tu nje ya fremu nililochora.

Subiri upakuaji ufike mwisho. Ukifunga programu ikiwa asilimia 90, huna ramani.

Hatua ya 3: Weka alama mahali unakokwenda

Ukiwa bado na mtandao, tafuta kila mahali utakapohitaji, thibitisha kwamba ndipo penyewe, kisha uhifadhi kwa jina lako mwenyewe. Utafutaji wa nje ya mtandao si mwerevu. Haukisii, mara nyingi hausamehe herufi iliyokosewa, na kama duka au zahanati haimo kwenye data iliyopakuliwa, hutaipata hata ukiandika kwa usahihi.

Mwenyeji wako naye akutumie namba za latitudo na longitudo za mlangoni kwake, si kiungo kifupi cha ramani. Kiungo kinahitaji mtandao ili kifunguke. Namba hazihitaji kitu. Unaweza kuziandika hata kiganjani.

Namba zenyewe zina mitego, na hapa sitapita haraka.

Latitudo huandikwa kwanza, longitudo inafuata. Ukizigeuza, mara nyingi programu haitalalamika. Itakupeleka baharini au nchi nyingine. Kusini mwa ikweta latitudo ina alama ya kutoa, na magharibi ya longitudo sifuri vivyo hivyo. Ukiisahau hiyo alama ndogo kwenye latitudo 6.5 ya kusini, umehamia kaskazini, umbali wa kilomita zaidi ya 1,400.

Mtego mkubwa zaidi ni digrii na dakika. Digrii moja ina dakika 60, si 100. Kwa hiyo 6°30′ ni 6.5, siyo 6.30. Aliyeandika 6.30 amekosea kwa digrii 0.2, na kwa kuwa digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi, amekosea kwa kilomita 22. Ukipewa namba zenye alama za dakika na sekunde, ziandike na alama zake zote, au gawanya dakika kwa 60 kwanza.

Tarakimu baada ya nukta nazo ziangalie. Tano zinakufikisha kwenye usahihi wa mita moja hivi, nne mita 11. Mbili tu ni zaidi ya kilomita moja, yaani umepewa kijiji, hukupewa nyumba.

Hatua ya 4: Ruhusa na mipangilio

Fungua mipangilio ya simu, washa Mahali (simu ikiwa kwa Kiingereza ni Location). Kisha ingia kwenye ruhusa za programu yako ya ramani: iruhusu kutumia mahali unapoitumia, na hakikisha mahali kamili pamewashwa. Tangu Android 12 na iOS 14, simu inakupa uchaguzi wa kuipa programu mahali pa kukadiria tu, na wengi huchagua hivyo bila kujua. Matokeo yake ni duara kubwa linalofunika mitaa kadhaa, halafu lawama zinaenda kwa GPS.

Kwenye Android, ingia pia kwenye betri ya programu hiyo na uondoe vizuizi. Kiokoa Betri kikiwaka, baadhi ya simu hukata GPS pindi skrini inapozimika.

Saa ya simu iache ijirekebishe yenyewe.

Hatua ya 5: Sauti

Kama utaendesha, pakua sauti ya kusoma maelekezo ikiwa ndani ya simu. Baadhi ya sauti zinategemea mtandao, na ukiukosa zinanyamaza kimya bila taarifa. Ingia kwenye mipangilio ya lugha na usomaji wa maandishi, pakua lugha unayoitaka. Basi.

Hatua ya 6: Jaribu ukiwa nyumbani

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo ingewaokoa.

1. Washa hali ya ndegeni. Kwenye simu za sasa hali hiyo inazima mtandao wa simu bila kuzima kipokezi cha GPS.
2. Angalia kama Wi-Fi imezimika kweli. Simu nyingi zinakumbuka kwamba uliwahi kuiwasha ukiwa kwenye hali ya ndegeni na zinaiacha ikiwaka. Izime kwa mkono.
3. Funga programu ya ramani kabisa, kisha uifungue upya.
4. Sogeza ramani hadi mtaa ambao hujawahi kuutazama, halafu vuta karibu mpaka uone vichochoro. Ule uliouangalia jana usiutumie kwa jaribio: simu huhifadhi vipande vya ramani ulivyotazama karibuni, kwa hiyo utaona mtaa umejaa na kudhani umepakua kumbe ni mabaki ya jana.
5. Panga njia kutoka ulipo hadi mwisho wa safari. Ikikubali kuchora mstari mzima, uko tayari. Ikigoma, rudi kwenye Hatua ya 2 ya kupakua ramani.
6. Tafuta jina moja kati ya uliyohifadhi. Lisipoonekana, hukuhifadhi, uliliangalia tu.

Hatua ya 7: Pata nukta ya kwanza

Toka nje. Simama mahali unapoona anga, mbali kidogo na ukuta. Shika simu skrini ikitazama juu, fungua ramani, tulia hadi itokee nukta inayoonyesha ulipo.

Kwa nini kutulia? Simu yenye mtandao hupewa kwa mkato taarifa za setilaiti zilipo, ndiyo maana umezoea nukta kutokea mara moja. Bila mtandao inabidi ichukue taarifa hizo kutoka kwa setilaiti zenyewe, na setilaiti za GPS zinaongea polepole mno: biti 50 kwa sekunde. Taarifa za njia ya setilaiti moja zinarudiwa kila sekunde 30, na orodha nzima ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Ukiingia chini ya paa katikati ya sentensi, simu inasubiri zamu nyingine.

Kwa kawaida utapata nukta ndani ya dakika moja au mbili. Ukiwa umesafiri mbali sana huku simu imezimwa, au hujaitumia GPS kwa wiki kadhaa, ipe dakika 15 kabla hujakata tamaa. Kinachohitajika ni setilaiti nne kwa uchache.

Mbinu ndogo: kabla hujauacha mtandao, fungua ramani ukiwa nje kwa dakika moja au mbili. Taarifa simu iliyozipata zinabaki na manufaa kwa saa nne hivi, kwa hiyo nukta ya baadaye itakuja haraka.

Chini ya anga wazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi. Kwa hiyo nukta ikikuweka upande wa pili wa barabara, usiilaumu.

Hatua ya 8: Njiani

Ndani ya gari, weka simu karibu na kioo cha mbele, si mfukoni wala kwenye begi. Vioo vingine vina utando wenye chembe za chuma unaozuia mawimbi. Kama nukta inakatika garini lakini inarudi ukishuka, huyo ndiye mchawi wako. Anayeendesha asishike simu. Kama kuna abiria, mpe yeye.

Betri inamalizwa zaidi na skrini kuliko na GPS. Punguza mwanga, na kwenye barabara ndefu isiyo na kona zima skrini uiache sauti ikuongoze. Pale ambapo mtandao hakuna kabisa, hali ya ndegeni inasaidia kweli, maana simu inayotafuta mnara usiokuwepo hujichosha kwa kutafuta. Kumbuka tu kwamba ukiiwasha hutapatikana kwa simu.

Ukitembea kwa mguu, hasa porini au mlimani, rekodi njia yako tangu unapoanza. Kurudi kwa kufuata mstari wako mwenyewe ni salama kuliko kubuni njia mpya giza likiingia.

Na tafadhali, usichanganye GPS na kuomba msaada. Simu inajua ulipo. Hakuna mwingine anayejua. Baadhi ya simu mpya, kama iPhone 14 na zilizofuata, zinaweza kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti katika nchi ambako huduma hiyo ipo, lakini hicho ni kifaa kingine ndani ya simu na setilaiti nyingine. Kabla ya kuondoka mwachie mtu njia unayopita na saa ya kurudi.

Ikikataa

*Nukta haitokei kabisa.* Uko nje? Paa la bati, zege na miti iliyoshonana ni adui. Kama uko nje na dakika 15 zimepita, zima Mahali uwashe tena, kisha zima simu uiwashe. Kwenye Android, pakua mapema programu ya bure iitwayo GPSTest: inakuonyesha kila setilaiti na nguvu ya mawimbi yake. Zikiwepo kadhaa zenye namba zaidi ya 30, kipokezi ni kizima na tatizo liko kwenye ruhusa au programu. Orodha ikiwa tupu chini ya anga wazi, hata baada ya kuizima simu na kuiwasha, huenda kipokezi au antena imekufa. Simu zilizofunguliwa kwa kubadilishiwa kioo zinaweza kurudi zikiwa hivyo.

*Nukta ipo, ramani ni tupu au ina ukungu.* Hukupakua eneo hilo, au ramani imepitwa na muda wake. Ramani za Google zilizopakuliwa zina tarehe ya mwisho na hujisasisha zikipata Wi-Fi. Kama simu haijaona Wi-Fi siku nyingi, hakiki tarehe kabla ya safari. Hapo ulipo huna la kufanya zaidi ya kusoma latitudo na longitudo yako na kutafuta mtu wa kumuuliza.

*"Imeshindikana kupanga njia."* Kuna kipande cha ramani kinakosekana katikati, au mahali unakokwenda pako mbali na barabara yoyote iliyochorwa. Sogeza alama hadi barabara ya karibu, ujaribu tena. Au badilisha kutoka gari kuwa mguu: vijia vingi havihesabiki kama njia ya gari.

*Nukta inarukaruka.* Kati ya majengo marefu au kwenye bonde jembamba, mawimbi hugonga kuta kabla ya kukufikia, hesabu inapotea. Sogea hadi njia panda au uwanjani. Usigeuze gari kwa sababu ya mruko mmoja.

*Duara kubwa la bluu badala ya nukta.* Rudi hatua ya 4, kuhusu mahali kamili.

*Nukta iko sahihi, mshale unaangalia upande mwingine.* Hiyo si GPS, ni dira ya simu, na dira inavurugwa na sumaku. Kava lenye kufungwa kwa sumaku, kishikio cha sumaku cha garini, spika. Niliwahi kutembea kwa ujasiri mkubwa kuelekea kinyume cha nilikotaka kwenda, nikiufuata mshale, mpaka nilipogundua kwamba nukta inakwenda nyuma ya mshale kama kaa. Vua kava, zungusha simu hewani kwa umbo la namba 8 mara kadhaa. Ukiwa na haraka, usiuamini mshale: tembea hatua ishirini na uangalie nukta imesogea upande gani.

*Ukizima skrini, njia inakatika.* Kiokoa Betri, au vizuizi vya betri kwa programu hiyo.

*Simu imezima yenyewe kwenye dashibodi.* Imepata moto. Jua la kioo cha mbele, skrini inayowaka na chaji kwa pamoja vinatosha kuilaza. Ihamishie mbele ya tundu la hewa baridi, itoe kwenye chaji kidogo, ipoe. Usiitie kwenye friji ya vinywaji, unyevu utaimaliza.

*Ramani inaonyesha barabara, mbele yako kuna shamba.* Ramani imepitwa au ilichorwa vibaya. Amini macho. Rudi hadi mahali ambapo ramani na ardhi vilikuwa vinakubaliana, uanzie hapo, na ukifika kwenye mtandao sasisha ramani. Kama unatumia OpenStreetMap, unaweza kuifuta hiyo barabara wewe mwenyewe.